Hivi ni kweli mgonjwa wa skizofrenia anapona zaidi Afrika kuliko Ulaya?

#1 Kipanga wa Kilosa

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo kwenye utafiti wa magonjwa ya akili linanisumbua, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunganisha vituo tisa: Ibadan (Nigeria), Agra (India), Cali (Kolombia), Aarhus (Denmaki), London, Moscow, Prague, Taipei na Washington. Wagonjwa 1,202 wakahojiwa kwa maswali yaleyale. Shabaha ilikuwa kujua kama skizofrenia ya Mnigeria na ya Mdenmaki ni ugonjwa mmoja. Ikaonekana ni mmoja: mtu anasikia sauti, anaamini anafuatiliwa, anaona mawazo yake yanachukuliwa na watu wengine. Kazi ikaja walipowafuatilia. Wa Ibadan na Agra walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao wa nchi tajiri.

Ubishi ukawa mkubwa, utafiti ukarudiwa kuanzia 1978 katika nchi kumi, safari hii wakichukua watu waliokuja kutafuta msaada kwa mara ya kwanza. Ripoti ya 1992 ikasema: nchi zinazoendelea, asilimia 37 hivi dalili ziliisha kabisa. Nchi tajiri, asilimia 15.5.

Sasa nauliza. Huku kwetu dawa zinaisha, madaktari wa akili ni wachache mno, na kila stendi ina mtu anayeongea peke yake ambaye hakuna anayejua kwao. Matokeo haya yanatoka wapi? Naomba majibu ya watu walioyaona haya mambo au walioyasoma.

#2 Chuma cha Pua

Mkuu, jibu limo ndani ya utafiti huohuo, hukusoma hadi mwisho. Kwenye nchi zinazoendelea, wagonjwa waliokuwa kwenye dawa muda wote wa ufuatiliaji walikuwa asilimia 16 tu. Nchi tajiri ni 61.

Wanaokula dawa sana hawaponi, wanaokula kidogo wanapona. Unataka nini zaidi?

#3 Nesi Mstaafu

Namba 2, taratibu mwanangu, hapo utaua mtu.

Nimefanya kazi wodi ya akili tangu ujanani hadi nastaafu. Mgonjwa akirudishwa kwa mara ya tatu ya nne, kamba mikononi, ndugu wanahema, swali la kwanza tulilouliza lilikuwa kama ameacha dawa. Mara nyingi sana ndugu walijibu ndiyo. Na si maneno yangu tu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65: ndani ya mwaka mmoja, waliobaki kwenye dawa ugonjwa uliwarudia asilimia 27. Waliobadilishiwa wakapewa kidonge kisicho na kitu, asilimia 64.

Halafu hiyo asilimia 16 umeisoma kinyume. Mtu aliyepata nafuu mapema ndiye anayeacha dawa, anarudi shambani, hana haja ya kliniki. Aliyezidiwa ndiye anayebaki nazo. Ukiwahesabu mwishoni utaona wenye dawa wana hali mbaya, lakini dawa haikuwatangulia.

Sikatai kwamba dawa zile za zamani zilitesa watu. Largactil na haloperidol nimezigawa kwa mikono hii. Shingo inakakamaa, macho yanapinda juu, mate yanatoka, mtu anatembea kama mti. Tulikuwa tunawapa Artane kupunguza. Wengine waliacha dawa kwa sababu hiyo na sikuwalaumu.

#4 Bint wa Makunduchi

Asalaam aleikum. Mimi nasema ni familia.

Mama yangu mkubwa alikuwa na hali hiyo maisha yake yote. Nyumbani ilijulikana ana shetani. Siku akiwa mzima anasuka ukili na anatupikia, siku akiwa kapanda anajifungia na kusema na anaowajua yeye. Hakuna aliyemwambia "jikaze" wala "umezidi". Kama ni shetani, utamlaumu yeye kwa lipi? Alikuwa na sahani yake, mkeka wake, na zamu yake ya kubeba watoto.

Baadaye nikasoma kwamba kuna mtafiti Mmarekani, Juli McGruder, alikaa na familia za wagonjwa huku Zanzibar akaona mambo ya namna hii. Na huko London, tangu miaka ya 1950, George Brown alikuwa ameshaona kwamba wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi kuishi na wazazi au wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba. Wakaendelea kuchimba, wakakuta chanzo ni nyumba zenye lawama, maneno makali na kumwingilia mgonjwa kila kitu. Utafiti ulipofika Chandigarh, India, nyumba za aina hiyo zilikuwa chache kuliko London.

#5 Msomi wa Eldoret

Habari zenu. Hoja ya #4 ni nzuri lakini kuna jambo la awali: kwani wote hao walikuwa na skizofrenia?

Kwetu huku mtu anaweza kuchanganyikiwa ghafla, wiki chache, akapona na asirudie tena. Mwingine ni malaria imepanda kichwani, mwingine typhoid, mwingine amejifungua juzi, mwingine amefiwa. Ukimkuta siku ya tatu huwezi kumtofautisha na mwenye skizofrenia. Ezra Susser na mwenzake walichambua upya data za ule utafiti wa nchi kumi, 1994, wakaona kwamba hali hizi za kuanza ghafla na kuisha zilikuwa nyingi karibu mara kumi kwenye nchi zinazoendelea. Ukiwachanganya hao na wenye skizofrenia yenyewe, kundi lako lazima litaonekana linapona.

#6 Chuma cha Pua

Kwa hiyo Mzungu akipona ni matibabu, Mwafrika akipona hakuwa mgonjwa. Asante sana, Msomi.

#7 Msomi wa Eldoret

@Chuma hapana, usinilishe maneno. Nasema mgonjwa wa mwezi mmoja na mgonjwa wa miaka ishirini wasiwekwe kapu moja, awe wa Ibadan au wa Dublin.

#8 Kipanga wa Kilosa

Msomi, hoja hiyo ilijibiwa. Kim Hopper na Joseph Wanderling mwaka 2000 walirudi kwenye data za ufuatiliaji wa muda mrefu wa wagonjwa wa tafiti za WHO, wakapima kila sababu inayoweza kupotosha, pamoja na hiyo ya ugonjwa wa ghafla. Tofauti ilibaki. Hata uchambuzi wa 2013 uliokusanya tafiti 50 za dunia nzima ulikuta waliopona ni kama mmoja kati ya saba, na waliopona walikuwa wengi zaidi kwenye nchi maskini. Kwa hiyo bado swali langu liko palepale.

#9 Tabibu Mdogo

Nimesoma hadi #8, naona wote mnajadili "Afrika". Hebu tuulize Afrika ipi.

Kwenye utafiti wa kwanza, Afrika nzima ni Ibadan. Kwenye wa pili, Afrika nzima ni Ibadan tena. Na huo ufuatiliaji wa muda mrefu anaoutaja Kipanga hapo #8, Ibadan haimo kabisa. Hivyo mnapotaja kupona kwa miaka kumi na tano au zaidi, mnazungumzia India kwa sehemu kubwa. Bara letu limekopeshwa sifa.

Twende mahali ambapo watu walihesabiwa kweli. Chuo Kikuu cha Addis Ababa kilikwenda Butajira, kusini mwa Addis, nyumba kwa nyumba, wakawahoji watu 68,378 wa miaka 15 hadi 49. Hawakukaa hospitalini kusubiri nani ataletwa. Wengi mno waliowakuta na ugonjwa hawakuwa wamewahi kupata matibabu yoyote. Wakawafuatilia miaka kumi. Wenye magonjwa makali ya akili walikufa mapema kwa takriban miaka 30 ukilinganisha na umri ambao wangetarajiwa kuishi, na sababu kubwa ilikuwa maambukizi ya kawaida, yale ambayo mtu mwenye ndugu wa kumpeleka zahanati anatibiwa.

Aliyekufa haingii kwenye jedwali la waliopona wala wasiopona. Anatoweka. Aliyepanda lori akashukia mji mwingine naye anatoweka. Mwisho wa ufuatiliaji unabaki na waliokuwa na familia imara tangu mwanzo, halafu unaandika kwamba familia inaponya.

Mwaka 2008 Alex Cohen, Vikram Patel, R. Thara na Oye Gureje walipitia tafiti 23 za nchi 11 za kipato cha chini na cha kati. Wakasema wazi kwamba ile imani ya "nchi maskini hupona" haina miguu imara, matokeo yanatofautiana mno kati ya mahali na mahali. Na huyo Gureje ni profesa wa Ibadan hapohapo.

#10 Nesi Mstaafu

Tabibu, Mungu akubariki kwa hiyo ya waliokufa. Nilikuwa naziona kadi za kliniki zimekaa hazichukuliwi. Tukiandika "hajarudi". Hatukuwa na gari la kwenda kuuliza.

#11 Shangazi wa Korogwe

Wanangu mnasahau kazi.

Mimi ni wa huku Lutindi, milimani. Wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na kituo cha watoto waliookolewa utumwani, baadaye kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili hadi leo. Tangu nipo mdogo tunawaona wagonjwa wanachuma chai, wanafuma vikapu, wanachunga. Mtu hawezi kukwambia leo ni tarehe ngapi lakini anajua mche upi umekomaa. Mjini angekuwa hana anachofanya.

Shamba halimfukuzi mtu. Ukiamka vibaya, utalima kesho. Ofisini ukiongea peke yako siku mbili umefukuzwa. Ibadan ya miaka ile na vijiji vya Agra vilikuwa na kazi za namna hii, London haikuwa nazo. Ndilo jibu langu.

#12 Kipanga wa Kilosa

Shangazi, shikamoo. Umenikumbusha Aro, hospitali ya akili ya Nigeria. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango pale Abeokuta, mgonjwa halazwi wodini, anapanga chumba kwenye kijiji cha jirani pamoja na ndugu yake aliyemleta. Ndugu anapika, anafua, anampeleka hospitali kupata dawa, jioni wanarudi kijijini. Waganga wa jadi nao wakashirikishwa. Lambo baadaye alikuwa profesa Ibadan, kisha naibu mkurugenzi mkuu wa WHO. Kwa hiyo Ibadan ya utafiti ule haikuwa mahali pa kawaida. Ilikuwa na watu ambao walishafikiri juu ya familia na kijiji kabla utafiti haujaanza.

#13 Tabibu Mdogo

Hapo #12 umenisaidia mimi kuliko ulivyojisaidia wewe. Kama Ibadan ilikuwa na Lambo, basi ilikuwa na huduma bora kuliko sehemu kubwa ya Afrika. Matokeo yake ni sifa ya huduma ile.

#14 Kipanga wa Kilosa

Huduma ambayo ilijengwa juu ya ndugu na kijiji, Tabibu. Usiitenganishe.

#15 Konda wa Mbagala

Wasomi mnapigana kwa takwimu, mimi niko siti ya mbele naangalia. Lakini mbona hakuna aliyetaja bangi? Vijana wote ninaowajua waliorukwa akili mtaani kwetu walianza na kijiti.

#16 Nesi Mstaafu

Konda, bangi ipo na inawaumiza, hasa anayeanza mdogo na ambaye ukoo wake una ugonjwa. Ila wengi walivuta wakabaki salama, na wengi waliugua bila kuonja hata mara moja. Wazazi wakisikia "ni bangi" huwa wanampiga mtoto badala ya kumleta kliniki. Naomba uzi huu usiwape sababu ya kufanya hivyo.

#17 Mzenji wa Nottingham

Salaam kutoka Uingereza. Nottingham ilikuwa kituo kimojawapo cha ule utafiti wa pili, na mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani kwao hapa.

Mteja wangu mmoja ana nyumba ya serikali, ana dawa za bure, ana sindano yake kila mwezi haikosi, ana mfanyakazi wa jamii. Hana mtu. Mtu wa kwanza kumwita kwa jina lake asubuhi ni mimi, na mimi nalipwa kumwita. Bint wa Makunduchi aliposema mama yake mkubwa alikuwa na zamu ya kubeba watoto, nilinyamaza.

Na kuna jambo lingine. Utafiti uliofanyika London, Nottingham na Bristol, uliochapishwa 2006, ulikuta skizofrenia kwa watu weusi wenye asili ya Karibi ni mara tisa ya Waingereza weupe, na kwa Waafrika weusi ni karibu mara sita. Tukibaki kwetu tunapona, tukija huku tunaugua?

#18 Msomi wa Eldoret

Mzenji, pole kwa kazi ngumu. Lakini tutenganishe: takwimu hiyo ni ya wangapi wanaugua, uzi ni wa wangapi wanapona. Mtu anaweza kuugua kwa sababu ya ugeni, ubaguzi, kuishi peke yake, lakini hilo halikuambii atakuwaje baada ya miaka kumi.

#19 Mzenji wa Nottingham

Nakubali ni maswali mawili. Lakini upweke uko katika yote mawili, ndugu yangu.

#20 Mama Wawili

Nimesoma uzi wote na nimelia katikati. Naomba niseme kitu kuhusu hii "familia" mnayoisifia.

Familia ni mtu. Kwetu ni mama yangu. Kaka yangu anaugua tangu amalize kidato cha nne. Mama aliacha genge lake la nyanya ili awe anamwangalia. Usiku anapotoka mama ndiye anatoka na tochi. Akipasua kioo cha jirani mama ndiye analipa. Baba alihamia kwa mke mdogo. Wajomba walikuja kikao kimoja, wakashauri afungwe kamba, wakala, wakaondoka. Na alifungwa, msitu wa nyuma ya nyumba ya mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu, mguu ukaoza. Hiyo nayo ilikuwa jamii.

Watafiti wakija na kumkuta kaka amevaa shati safi na amekula, wataandika kwamba familia ya Kiafrika inasaidia kupona. Waandike na presha ya mama.

Kitu kimoja kilichotusaidia kuelewa ni kufundishwa. Kuna mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Marekani, unaitwa KUPAA, kwa kirefu Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya. Mgonjwa na ndugu yake wanakaa pamoja na wenzao, wanafundishwa ugonjwa ni nini, dalili za kurudi zikoje, na namna ya kuongea bila kugombana. Sisi hatukuwemo, lakini rafiki wa mama alituelekeza aliyojifunza huko, na nyumba ikapoa.

#21 Bint wa Makunduchi

Mama Wawili, pole sana mdogo wangu. Kwetu pia aliyekuwa anaamka usiku ni bibi peke yake. Nilipoandika #4 niliandika kama nilivyoona nikiwa mtoto, na mtoto haoni nani anafua shuka.

#22 Chuma cha Pua

Dada, pole kwa yaliyompata kaka. Lakini huyo mtumishi wa uongo asiwaharibie sifa waganga wote. Watu wetu wanaanzia huko, wapende wasipende madaktari.

#23 Msomi wa Eldoret

Chuma, leo kwa mara ya kwanza nakuunga mkono, kwa masharti. Gureje huyohuyo wa #9 aliongoza jaribio Nigeria na Ghana, likachapishwa 2020. Wagonjwa 307 waliokuwa kwa waganga na kwenye kambi za maombi. Upande mmoja wahudumu wa afya walikwenda kulekule kambini, wakatoa dawa, wakashirikiana na waganga na kuwasihi waache minyororo. Upande mwingine mambo yaliendelea kama kawaida. Baada ya miezi sita walioshirikishwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Na Uganda, Catherine Abbo wa Makerere alipowafuatilia wagonjwa wa waganga wa Jinja na Iganga, alikuta wengi wao wanatumia vyote viwili, mganga na hospitali. Sasa akipona, pongezi zinakwenda kwa nani?

#24 Chuma cha Pua

Kwa mganga. Hospitali walikuja na dawa, lakini mgonjwa aliwapokea kwa sababu mganga alisema wapokelewe.

#25 Nesi Mstaafu

Haya, nimekusamehe ya #2.

#26 Konda wa Mbagala

Kuna ile ya Zimbabwe, bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi wanaongea tu. Si ndiyo hiyohiyo?

#27 Tabibu Mdogo

Konda, hiyo ni ya Dixon Chibanda, Harare, nzuri sana, lakini ni kwa huzuni na wasiwasi, yale wanayoyaita kufikiri kupita kiasi. Mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajirushe hawezi kutibiwa kwa benchi peke yake.

#28 Msomi wa Eldoret

Niongeze la damu, yaani la kurithi, kwa sababu hakuna aliyeligusa. Hapa Hospitali ya Moi, na Kilifi, Makerere, Addis Ababa na Cape Town, kuna utafiti mkubwa uitwao NeuroGAP, pamoja na Harvard na Taasisi ya Broad. Lengo lilikuwa watu kama 34,000, nusu wagonjwa na nusu wazima. Ulikuwa unatema mate kwenye kichupa, unajibu maswali, basi. Sababu ni kwamba karibu ujuzi wote wa vinasaba vya ugonjwa huu umetokana na watu wenye asili ya Ulaya. Huenda sehemu ya jibu la Kipanga imo humo.

#29 Mama Wawili

Mate mmechukua, na ni sawa. Lakini kwa nini kwenye kila utafiti mliotaja hapa hakuna aliyesema mgonjwa mwenyewe aliulizwa amepona maana yake nini? Kaka anasema kwake kupona ni kuaminiwa funguo ya nyumba. Sauti bado anazisikia.

#30 Tabibu Mdogo

Ule wa nchi kumi ulipima dalili na pia kama mtu anafanya kazi na kuishi na watu, majedwali tofauti. Kaka yako angeonekana vizuri kwenye moja na vibaya kwenye jingine. Lile la asilimia 37 ni la dalili kuisha, kwa hiyo hapo asingehesabiwa.

#31 Shangazi wa Korogwe

Basi hilo jedwali la dalili lisitangulizwe.

#32 Kipanga wa Kilosa

Shangazi, lakini tukiliondoa, tutawezaje kulinganisha Ibadan na London? Funguo ya nyumba Nottingham kila mtu anayo, muulizeni Mzenji. Nadhani lazima ibaki dalili kama kipimo cha pamoja.

#33 Mzenji wa Nottingham

Anayo, na hakuna anayeingia. Kipanga, mimi nakataa. Niko kazini sasa, nikitoka zamu nitaandika kwa nini.